Msokoto, bapa au upinde: ujenge manjaniki ipi na wanafunzi wako?

Walimu wenzangu wanaosimamia klabu za sayansi huniuliza swali hili karibu kila muhula, kwa hiyo nimeona niliandike lote mara moja. Wanafunzi wameona picha za manjaniki, yaani mitambo ya kurusha mawe, iliyochorwa Italia miaka 500 iliyopita, wamevutiwa, wanataka kujenga mmoja. Upi?

Jibu langu ni hili. Kama klabu yenu haijawahi kujenga kitu chenye nguvu ya kuruka, anzeni na mtambo wa Leonardo da Vinci wa springi ya bapa. Kama mna muhula mzima na watoto wenye subira, jengeni mtambo wa msokoto wa kamba, maana ndio wenye mafunzo mengi kuliko yote. Upinde mkubwa wa Leonardo, ule ambao kila mtu anautaka kwa sababu ya picha yake, uwe wa mwisho, na uwe mdogo.

Lugha yetu ina neno linalofaa sana hapa. Kabla halijahamia viwandani na kwenye kompyuta, mtambo kilikuwa kile kijiti kilichokunjwa kwenye mtego wa ndege, au kile chuma kinachoruka bunduki inapofyatuliwa. Unakunja polepole, unazuia, unaachia ghafla. Manjaniki zote tatu ninazolinganisha hufanya hivyohivyo. Zinatofautiana mahali nguvu inapowekwa wakati wa kusubiri: ndani ya kamba iliyosokotwa, ndani ya bapa lililopindwa, au ndani ya mabawa mawili ya upinde. Mitambo ya uzito, ile inayoinua sanduku la mawe na kuliangusha ili mkono mrefu urushe, naiacha nje. Wahandisi wa Siena, Italia, Taccola na Francesco di Giorgio, waliichora sana, na ni mizuri, lakini haina springi ndani yake.

Mitambo hii ilitoka wapi

Mwaka 1482 au karibu na hapo, Leonardo alihama Florence akaenda Milan, na kuna barua ya kuomba kazi aliyomwandikia mtawala wa huko, Ludovico Sforza. Ndani yake anaorodhesha madaraja ya kubebeka, mizinga, magari yaliyofunikwa, kisha anaahidi kwamba pale mizinga isipoweza kutumika atatengeneza mitambo ya kurusha, tena isiyo ya kawaida. Michoro yake mingi ya aina hiyo iko kwenye mkusanyiko uitwao Codex Atlanticus, karatasi 1,119 zinazotunzwa kwenye Maktaba ya Ambrosiana, Milan.

Wakati huohuo wasomi wa Italia walikuwa wamezama katika vitabu vya Warumi. Kitabu cha Vitruvius juu ya ujenzi kilikuwa kinachapwa, na sura za mwisho za kitabu chake cha kumi zinaeleza manjaniki za kamba kwa vipimo. Tatizo ni kwamba maneno yalifika, picha hazikufika, na tarakimu nyingi zilikuwa zimeharibika mikononi mwa wanakili. Fra Giocondo alipochapisha toleo lenye picha Venice mwaka 1511, na Cesare Cesariano alipochapisha tafsiri ya Kiitalia huko Como mwaka 1521, ilibidi mchoraji akisie. Fremu halisi ya manjaniki ya namna hiyo ilikuja kupatikana ardhini huko Ampurias, Hispania, mwaka 1912. Mwambie mwanafunzi jambo hilo kabla hajaanza, ajue kwamba wale mabwana wakubwa nao walikuwa wanajenga kutoka kwenye maelezo bila kuona kitu chenyewe, kama atakavyofanya yeye.

Ila mitambo hii ilichorwa wakati jua lake linazama. Mwaka 1494 mfalme wa Ufaransa, Charles VIII, aliingia Italia na mizinga ya shaba nyeusi inayokokotwa na farasi. Mwaka huohuo shaba iliyokusanywa kwa ajili ya sanamu kubwa ya farasi ambayo Leonardo alikuwa akiiandaa, makumi ya tani, ilipelekwa kutengeneza mizinga. Sanamu haikujengwa kamwe. Sisi wa pwani tuna ushahidi wetu wa mabadiliko hayo: Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milan. Angalia kuta zake zilivyo nene na pembe zake zilivyochomoza. Hazikusubiri jiwe la manjaniki, zilisubiri risasi ya mzinga.

Mtambo wa msokoto

Nauanza huu ingawa si wa kuanza nao, kwa sababu ukiuelewa huu hiyo mingine miwili inakuwa rahisi.

Umbo lake rahisi ni la mkono mmoja. Fremu nzito ya mbao imelala chini. Kitita cha kamba kimepita kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na mkono wa mbao umechomekwa katikati ya kitita hicho. Unasokota kitita kutoka pande zote mbili mpaka mkono unakandamiza boriti ya mbele kwa nguvu. Kisha unaurudisha mkono nyuma hadi chini, unaufunga, unaweka jiwe, unaachia. Ammianus Marcellinus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 4, anaueleza mtambo huu na kuuita punda-mwitu. Ule wa Vitruvius una vitita viwili vilivyosimama wima na mikono miwili inayovuta uzi mmoja, kama upinde uliokatwa katikati.

Uzuri wake uko kwenye kamba. Watu wa kale walitumia kano za wanyama, na pia nywele na singa. Kwa kila kilo, kano hubeba nishati nyingi kuliko chuma cha springi, tena kwa mbali. Zaidi ya hapo, kitita chenyewe hakisafiri. Kinajizungusha tu mahali pake, kwa hiyo nishati karibu yote inakwenda kwenye mkono na jiwe. Kwenye upinde, mabawa mazito lazima yakimbie nayo, na kukimbia huko kunakula nguvu.

Mwaka wetu wa kwanza tulitumia kamba ya katani. Tuko Tanga, na hapa ukisema kamba mtu anaelewa katani. Tulisokota mizunguko minne, kitita kikawa kigumu kama mti. Msichana aliyeshika nondo ya kusokotea akaniambia, "Mwalimu, kamba inalia." Ilikuwa inalia kweli, mlio mwembamba wa nyuzi zinazoachana mojamoja. Nilipaswa kusimamisha kazi pale. Sikusimamisha. Mzunguko wa sita kamba ikakatika, nondo ikaruka ikapiga dari. Hakuumia mtu, na tangu siku hiyo hatusokoti bila miwani ya kazi na hatusimami usawa wa ncha za kitita.

Kosa halikuwa la katani. Katani inabeba mzigo mzito lakini hainyumbuki. Ukiivuta kidogo tu zaidi ya urefu wake inakatika. Mtambo wa msokoto unataka kamba inayovutika na kurudi. Tulipobadilisha tukaweka nailoni ya kusuka, unene wa milimita 4, mambo yakakaa sawa. Nailoni nayo ina tabia yake: ukiiacha imesokotwa usiku kucha, asubuhi imelegea. Legeza kila mnapomaliza. Na unyevu wa huku kwetu inauhisi, kama kano zilivyouhisi mvua zamani, kwa hiyo mtambo uliorusha mita 20 mwezi Januari usiulaumu ukipungua wakati wa masika.

Kwa mwalimu wa hisabati hapa pana hazina. Vitruvius anasema vipimo vyote vya mtambo wa mishale hutoka kwenye urefu wa mshale, na tundu la kupitishia kamba ni moja ya tisa ya urefu huo. Mshale wa sentimita 45 unataka tundu la sentimita 5, halafu unene wa fremu, urefu wa mkono na vingine vyote vinahesabiwa kwa matundu. Kwa mitambo ya mawe Wagiriki walitumia kipeuo cha tatu: jiwe likiwa zito mara 8, kipenyo cha tundu kinaongezeka mara 2. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliokuwa wakiona kipeuo cha tatu kama adhabu walikitafuta wenyewe walipotaka kubadilisha mpira wa tenisi kwa kiazi.

Na kuna sikio. Katika kitabu chake cha kwanza Vitruvius anataka mjenzi ajue muziki, na mojawapo ya sababu ni manjaniki: kwenye mtambo wa mikono miwili, vitita vyote viwili lazima vitoe sauti moja vikipigwa, la sivyo mshale unakwenda pembeni. Tulipojaribu mtambo wa mikono miwili tulipima msokoto kwa kuhesabu mizunguko, na bado mshale ukawa unavutwa kulia. Mwanafunzi mmoja anayeimba alto kwenye kwaya akagonga kila kitita kwa kidole na kusema cha kushoto kiko chini. Tuliongeza robo mzunguko. Akagonga tena, akasikiliza, akatikisa kichwa, tukaongeza kidogo tena. Mshale ukanyooka. Mpiga udi anapokaza nyuzi kabla ya taarab kuanza anafanya kazi ileile.

Ubaya wa mtambo huu ni fremu. Msokoto unataka kuipasua. Mbao laini inapasuka kwenye tundu, kwa hiyo tafuta mninga au mbao nyingine ngumu, na weka ringi ya chuma kila tundu ili kamba isiume mbao. Mtahitaji seremala wa kuwatobolea kwa usahihi, na muda. Sisi hutumia wiki nane, tukikutana mara moja kwa wiki.

Mtambo wa springi ya bapa

Huu ndio ninaowashauri wengi. Kwenye michoro ya Leonardo utaona mabapa makubwa yaliyopinda kama mwezi mchanga, na ngoma ya mbao inayozungushwa na kuzuiwa kwa meno. Ncha ya bapa imeunganishwa na ngoma kwa kamba, na mkono wa kurushia umechomekwa kwenye ngoma hiyohiyo. Ukiurudisha mkono nyuma, ngoma inazunguka, inavuta kamba, bapa linazidi kupinda. Kizuizi kinakaa kwenye jino. Ukikigonga kikatoka, bapa linajinyoosha, ngoma inageuka kwa kasi, mkono unaruka.

Wazo la bapa si la Leonardo peke yake. Ktesibios wa Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, alishatengeneza manjaniki yenye mabapa ya shaba, na Philo wa Byzantium akaieleza. Kilichonivutia kwa Leonardo ni ngoma na meno. Unaweza kusimama katikati ya kuvuta, ukapumua, ukaendelea. Kwa watoto wa miaka 13 hicho si kitu kidogo.

Msiende gereji kutafuta springi ya lori. Wahunzi wetu wanaipenda kwa mapanga, lakini hata bapa moja la pikapu ni gumu kupita nguvu ya mikono ya wanafunzi, na likiponyoka ni hatari kubwa. Tumieni mianzi. Pasueni vipande vitano, upana sentimita 4, urefu wa sentimita 60, 50, 40, 30 na 20, vipangeni kimoja juu ya kingine kama springi ya gari, muvifunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Bapa kama hilo linapinda vizuri, na likivunjika linachanika polepole kwa mlio unaosikika, tofauti na chuma kinachokatika bila taarifa.

Somo lililo ndani yake ni la ngoma. Tengenezeni ngoma mbili, moja ya kipenyo cha sentimita 6 na nyingine ya 4, mzibadilishe bila kugusa kitu kingine. Nyembamba inageuka mizunguko mingi zaidi kwa kila sentimita ya kamba lakini inauzungusha mkono kwa nguvu ndogo. Waacheni watoto wabishane ni ipi itarusha mbali, waandike utabiri wao ubaoni, ndipo mpime. Jibu linategemea uzito wa mnachorusha, na wakigundua hilo wenyewe hawalisahau.

Sehemu inayoharibika kila mara ni meno. Yakikatwa kwenye plaiwudi nyembamba yanapukutika. Gundisheni plaiwudi mbili zenye nyuzi zilizopishana, au chongeni kwenye mbao ngumu. Na bapa la mwanzi msiliache limepinda usiku kucha, litazoea umbo hilo na nguvu itapungua. Mbali na hayo, wiki tatu zinatosha.

Jambo moja linalohusu mitambo hii yote miwili ya kurusha mawe: kijiko au kombeo? Kijiko mwishoni mwa mkono ni rahisi kutengeneza. Kombeo linaurefusha mkono bila kuuongezea uzito. Mwingereza Ralph Payne-Gallwey, aliyejenga manjaniki za msokoto mwanzoni mwa karne iliyopita, aliona kombeo linaongeza umbali kwa theluthi nzima au zaidi. Kwetu limeongeza zaidi ya hapo, lakini pia limewahi kurusha mpira nyuma yetu. Anzeni na kijiko. Kombeo lije mkishaujua mtambo wenu, na wote wasimame ubavuni, mbali.

Upinde mkubwa

Picha yake naifahamu kwa moyo. Upinde umelala juu ya gari refu la magurudumu sita, matatu kila upande, yaliyoinamishwa ili gari lisimame imara. Mabawa yameunganishwa kwa vipande vingi vya mbao. Uzi unavutwa na skrubu ndefu yenye gurudumu la meno. Pembeni Leonardo amechora njia mbili za kufyatua, moja ya kugonga kwa nyundo na nyingine ya kuvuta wenzo. Mtu amesimama juu yake, mdogo kama sisimizi kwenye bamba. Upana wa mabawa aliandika ni braccia 42, yaani kama mita 24.

Kama kazi ya mkono na akili, sijaona mchoro wa mtambo wa vita uliochorwa kwa upendo kuliko huo. Kama kitu cha kujenga na wanafunzi, unawavunja moyo. Ukikuza upinde mara 10 kwa umbo lilelile, nguvu ya kuuvuta inaongezeka mara 100 na uzito wake mara 1,000, na mabawa yanaanza kulemewa na uzito wao wenyewe kabla ya kurusha chochote. Kwa mfano mdogo tatizo ni jingine: sehemu ni nyingi, skrubu na gurudumu lake vinataka fundi wa mashine, na ukimaliza yote hayo umepata upinde, kitu ambacho kijana yeyote wa kijijini anaweza kukutengenezea kwa ufito na kamba kabla ya saa sita mchana.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuutumia kwa somo lake la ukubwa tu. Tengenezeni pinde mbili za mianzi zenye umbo moja, ya sentimita 30 na ya sentimita 60. Pimeni kwa mizani ya samaki nguvu ya kuvuta kila moja hadi kiwango kinacholingana na urefu wake. Kama mmekata unene nao mara mbili sawasawa, mizani itawaonyesha karibu mara nne. Kisha wekeni nakala ya mchoro wa Leonardo mezani na waulize wanafunzi skrubu ile ingevutwa na watu wangapi. Somo linatosha vipindi viwili. Msifyatue upinde bila kitu kwenye uzi. Nguvu inayokosa pa kwenda inarudi kwenye mabawa na kuyapasua.

Kuchagua

Klabu mpya, fedha kidogo, watoto wa kidato cha kwanza na cha pili: bapa, bila kusita. Gharama kubwa mtakayokutana nayo ni boliti na mbao ya ngoma. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, hasa kama mwalimu wa hisabati yuko tayari kushirikiana: msokoto wa mkono mmoja, na mkifanikiwa mwaka wa pili ongezeni wa mikono miwili. Kama mnajiandaa kwa maonyesho na mnataka kitu cha kuvuta macho, najua mtaitaka picha ya upinde. Chapeni picha hiyo kubwa, itundikeni ukutani, na mbele yake wekeni mtambo wa bapa unaofanya kazi. Mgeni wa maonyesho atasimama kwa yule mtoto anayezungusha ngoma na kuhesabu meno kwa sauti.

Mkichagua bapa, kateni mianzi sasa, ile iliyokomaa, isiyo ya kijani kibichi. Ipasueni siku hiyohiyo na muianike kivulini wiki tatu, ikiwa imefungwa kwenye ubao ulionyooka isije ikajikunja. Juani itapasuka. Wakati inakauka, chongeni ngoma na meno.